Basi la shule: la mnadani, la mkononi au la kuagiza Japani?

Mwalimu mkuu wa shule moja ya Masasi alinipigia simu jioni. Ameona tangazo la mnada wa hadhara, na ndani yake mna Coaster mbili za njano zilizokuwa zikibeba wanafunzi. Shule yake ina Hiace moja iliyochoka, na watoto wanaongezeka kila Januari. "Dada, nikanunue au niache?" Nilimjibu palepale kwa kadiri nilivyoweza, lakini baada ya kukata simu nikaona nimemjibu nusu. Swali hilo nililiuliza mwenyewe mwaka 2019, na sikuwa na mtu wa kunieleza.

Nasimamia usafiri wa wanafunzi katika shule ya awali na msingi hapa Mtwara Mjini. Gari zetu zinazunguka Chikongola, Magomeni, Shangani, Naliendele na Mikindani. Tumenunua mabasi matatu, kila moja kwa njia yake: la kwanza mnadani Lindi, la pili mkononi kwa mwenyewe, la tatu tuliliagiza Japani. Kwa hiyo ninayoyalinganisha hapa nimeyalipia.

Mnada huu si ule wa korosho

Sisi wa Kusini neno mnada halitutishi. Tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kwa mnada kupitia maghala, ianze mwaka 2007 tumezoea kusubiri bei zisomwe, mkulima akubali au akatae. Ndiyo maana mtu wa huku akisikia "mnada" anaingia na moyo mweupe. Lakini angalia tofauti. Kwenye korosho, mnunuzi anajua daraja la mzigo na unyevu wake kabla hajataja bei. Kuna mtu aliyepima. Kwenye mnada wa magari hakuna aliyekupimia chochote. Tangazo linasema wazi kwamba gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Ukishagongewa nyundo, unalipa asilimia 25 papo hapo, na iliyobaki mara nyingi ndani ya siku 14. Ukichelewa, gari linauzwa tena na ile asilimia 25 hairudi. Hakuna kurudi kulalamika kwamba gia ya pili inaruka.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kwa nini gari hili limefika mnadani, kwa sababu minada haifanani. Gari la taasisi ya umma linauzwa baada ya wenyewe kukaa, wakapiga hesabu, wakaona kulitengeneza ni hasara. Gari lililokamatwa kwa mkopo linauzwa kwa sababu mwenyewe kashindwa kulipa. Hilo huenda lilikuwa barabarani mpaka siku ya mwisho, ila kumbuka kwamba mtu aliyekosa pesa ya rejesho alikosa pia pesa ya oili. La tatu ni gari la forodha, lililoshuka bandarini na mwenyewe hakulipa kodi. Linaweza kuwa zima kabisa, limekaa tu juani. Kwa maoni yangu la mkopo ndilo linalofaa zaidi kwa shule, ikiwa nyaraka zake ni safi. La taasisi ndilo tulilonunua sisi.

Tulilonunua Lindi

Ilikuwa Coaster yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, imeegeshwa chini ya mwembe, bahari unaisikia kwa nyuma. Kwa macho ilikuwa nzuri. Viti vimekamilika, vioo vizima, njano yake bado inang'aa. Tairi zote sita zilikuwa na meno marefu, nikafurahi. Fundi niliyekwenda naye akachuchumaa, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi kwa kidole gumba, akaniita. "Mwalimu, soma hapa." Ndani ya kiduara kidogo paliandikwa 1412. "Wiki ya 14, mwaka 2012. Tairi hii ina miaka saba. Meno yapo kwa sababu haijatembea, siyo kwa sababu ni mpya." Akakunja kidogo mpira wa pembeni na nyufa zikafunguka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Hapo ningejifunza, lakini bei ilikuwa imeniingia kichwani. Tulishinda kwa shilingi 12,400,000, wakati gari la aina hiyo linalotembea, mkononi, lilikuwa likiuzwa milioni 28. Nilirudi Mtwara nikiona nimeiokolea shule zaidi ya milioni 15.

Hesabu iliyofuata ni hii. Kulivuta kutoka Lindi, kilomita zisizozidi 110, laki saba. Tairi sita, 2,280,000. Betri mbili, maana gari ni la volti 24, 560,000. Rejeta, mipira ya maji, pampu ya maji na mkanda wa taimingi, 890,000. Pampu ya dizeli na nozeli zilipelekwa Dar es Salaam kwa sababu dizeli ilikaa tangini mpaka ikaganda kama asali, 1,650,000. Breki, 1,150,000. Sakafu na viti, 1,900,000: chini ya zulia bati lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba bisibisi ilipita bila kusukumwa. Rangi na kuchomelea bodi, 1,200,000. Jumla 10,330,000. Gari likafika 22,730,000.

Hata hapo tungesema tumepata. Lakini lilikaa gereji wiki 11, na watoto hawakusubiri. Tulikodi gari kwa 90,000 kwa siku, siku tano kwa wiki, ikawa 4,950,000. Ukijumlisha, basi la mnadani lilitugharimu 27,680,000. Tuliokoa shilingi 320,000 na tukapoteza usingizi wa karibu muhula mzima.

Nataka nilisemee suala la breki peke yake. Fundi alipofungua magurudumu ya nyuma, wili silinda mbili zilikuwa zimeshikana kwa kutu na mipira yake imekuwa migumu kama ganda la korosho. Siku ya mnada kanyagio lilikuwa juu, gumu, linaonekana zima, kwa sababu gari lilikuwa limesimama. Tarehe 26 Julai 2022 gari la wanafunzi lilitumbukia korongoni hapahapa kwetu Mtwara, na wanafunzi wasiopungua wanane wakafariki. Mji mzima ulilia. Tangu siku ile sioni tena breki kama mstari mmoja katika orodha ya matengenezo. Ukinunua gari lililolala, badilisha mipira yote ya breki, mabomba, masta silinda na lainingi, hata kama fundi anakwambia hii bado inafaa. Kama bajeti yako haiwezi hilo, bajeti yako haiwezi gari hilo.

Nyaraka

Gari la mnadani linaweza kupona kwa fundi. Nyaraka mbovu haziponi kwa fundi. Kabla ya kwenda kunyanyua mkono, soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, siyo ile ya kibandiko, uilinganishe na ya kwenye kadi ya usajili. Piga picha. Muulize dalali kadi halisi iko wapi na nani atasaini uhamisho wa umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Gari lenye namba za serikali au za mradi litahitaji kusajiliwa upya, na kama liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kodi hiyo inaweza kukugeukia wewe mnunuzi. Uliza kabla, na ujibiwe kwa maandishi. Ingiza namba ya gari katika mfumo wa polisi wa kuangalia faini mtandaoni, maana madeni ya dereva wa zamani huwa yanaganda kwenye namba.

Basi la mkononi lina tatizo lake la karatasi: kadi iko benki. Muuzaji atakuonyesha nakala iliyo safi kabisa, lakini ile halisi imewekwa dhamana ya mkopo. Usitoe hata shilingi ya "kuzuia" kabla hujaishika kadi halisi mkononi. La Japani, kwa upande wa nyaraka, ndilo tulivu kuliko yote. Linasajiliwa kwa jina la shule moja kwa moja, hakuna mtu kabla yako hapa nchini.

Kwa yote matatu bado kuna leseni ya kubeba wanafunzi kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ukaguzi wa askari wa usalama barabarani, na bima. Basi likiwa la njano tayari unaokoa pesa ya rangi, lakini leseni ya shule iliyotangulia haihami pamoja na njano yake. Na kuhusu bima, nenda kwa wakala kabla hujanunua, umuulize kama gari la mwaka huo atalikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako lenyewe. Kwa magari ya zamani sana wengine wanakubali ndogo tu, na mzazi akikuuliza siku ya kikao utataka kuwa na jibu.

La mkononi: unanunua na historia yake

Faida kubwa ya kununua kwa mwenyewe ni kwamba gari linatembea siku unayoliona. Unakwenda asubuhi na mapema kabla halijawashwa, unagusa injini kuhakikisha ni ya baridi, kisha unaliwasha. 1HZ nzima inashika mara moja hata asubuhi ya Julai. Ukiona moshi wa bluu usiokwisha, oili inaungua. Ukiona mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, nozeli au kompresheni. Fungua mfuniko wa injini pale kando ya dereva, fungua tundu la kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, uangalie kama pumzi inasukuma kwa nguvu. Halafu mkae abiria kumi ndani, mtoke nalo mpaka Mikindani, mshuke mteremko, mrudi. Mnadani mambo haya hayapo. Ukibahatika watakuwashia, lakini kutoka nalo getini ni ndoto.

Jambo lingine ni kwamba mkononi kuna watu wa kuuliza. Basi tulilonunua 2021 lilikuwa la mfanyabiashara aliyelitumia njia ya Mtwara–Newala. Yeye alisema halijawahi kushushwa injini. Nilikwenda stendi nikamtafuta kondakta wake wa zamani, nikamnunulia chai. Akaniambia bila kusita: "Mama, lilichemka Kitama mwaka juzi, wakabadilisha gasketi ya silinda hedi." Hatukuliacha. Tulirudi mezani na habari hiyo, tukapunguziwa milioni mbili, na tukabadilisha rejeta siku tulipolichukua. Mpaka leo linatembea. Kwenye mnada, ile historia imebaki kwa dereva aliyestaafu au kuhamishwa, na hakuna anayejua namba yake.

Ubaya wake ni bei, na hisia. Muuzaji ni mtu wa mjini kwako, pengine mzazi wa mtoto wa darasa la tatu, na kumwambia gari lako ni bovu si kazi nyepesi. Nenda na mtu asiyemfahamu.

La Japani

Hili lina mvuto wake na sisemi vibaya. Unapata gari lililotunzwa, lenye karatasi ya ukaguzi ya mnada wa kule inayoonyesha daraja na kila mkwaruzo. Watu wengi hawajui kwamba muuzaji wa Japani naye mara nyingi amelinunua mnadani, ila mnada wenye mpimaji. Tahadhari ni kutu ya chini. Kaskazini mwa Japani barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na chesisi ikishaonja chumvi kule, ikija kupigwa na upepo wa bahari ya Mtwara haina muda. Omba picha za uvunguni. Muuzaji asiyetaka kupiga picha uvunguni anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kodi usikisie. TRA wana kikokotoo mtandaoni cha magari yaliyotumika. Unachagua aina na mwaka, unapewa jumla: ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na tozo ya uchakavu kwa gari lililozeeka. Shule nyingi hulipa gari, zikasahau kwamba bandarini kuna bei nyingine inayoweza kukaribia ile ya kwanza.

Na kutoka Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 550. Basi letu la tatu lilikuwa tayari kuondoka Dar mwanzoni mwa Mei 2024, wiki ileile Kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zikaikata barabara ya Lindi kule Somanga. Likakaa Dar mpaka njia ilipofunguka, dereva analala gesti kwa pesa ya shule. Nasema hivi ili ukumbuke kwamba vipuri navyo vinapita barabara hiyohiyo.

Injini ipi kwa mafundi wa kwetu

Hapa ndipo njia zote tatu zinapokutana, na mimi naliona ni kubwa kuliko swali la wapi ununue. Coaster ya zamani yenye 1HZ na Nissan Civilian yenye TD42 ni injini za lita 4.2, silinda sita, hazina umeme mwingi, pampu ya dizeli ni ya kimakenika. Fundi yeyote mzoefu wa Mtwara, Masasi au Nachingwea anazifungua akiwa amefumba macho. Tofauti ni kwamba 1HZ inatumia mkanda wa taimingi ambao hauna budi kubadilishwa, na gari la mnadani halikuambii ulibadilishwa lini. Chukulia haukubadilishwa. TD42 inatumia gia, huna wasiwasi huo, lakini spea za Coaster ndizo zinazopatikana haraka. Kwa gari la shule, siku tatu za kusubiri kifurushi cha basi kutoka Dar ni siku tatu za wazazi kukupigia simu saa kumi na moja alfajiri.

Coaster na Mitsubishi Rosa za miaka ya karibuni, zenye mfumo wa dizeli unaoendeshwa kwa kompyuta, ni laini na zinakula mafuta kidogo. Lakini nozeli moja ikifa, unatafuta mtu mwenye mashine ya kupima, na dizeli chafu inaziua upesi. Kuiagiza Japani ikiwa nzima, sawa. Kuinunua mnadani ikiwa imelala miaka miwili na dizeli tangini, mimi sithubutu.

Nikiziweka ubavu kwa ubavu

Kama basi unalonunua ndilo pekee shule itakalokuwa nalo, usiende mnadani. Nenda mkononi, hata ikibidi kulipa kwa awamu mbili kwa mkataba wa mwanasheria. Gari la mnadani halina tarehe ya kuanza kazi, na Januari haisogezwi.

Kama una gari lingine linaloshikilia njia, una fundi wako mwenyewe, na pesa ya matengenezo iko tayari benki siku unapolipa ile asilimia 25, mnada unaweza kukusaidia kweli. Ile pesa iwe mkononi, si ahadi. Wazazi wetu wengi hulipa ada malipo ya korosho yakitoka, kati ya Oktoba na Desemba. Basi lililonunuliwa Mei kwa pesa yote iliyokuwepo litakaa gereji likisubiri msimu, na linaposubiri linazidi kuoza.

Kama una muda wa miezi kadhaa na fedha zote kwa mkupuo, agiza. Na kama huna hata moja ya hayo, kodi kwa mkataba wa muhula. Kukodi kunauma kila mwisho wa mwezi, lakini breki ni jukumu lililoandikwa kwenye mkataba, na gari likiharibika mwenye gari analeta lingine.

Kwa anayekwenda mnadani, bei yake ya mwisho aipige nyumbani, aiandike kwenye karatasi. Mwalimu wa Masasi tuliipiga pamoja kwa simu. Coaster ya aina hiyo inayotembea, mkononi, milioni 30. Fundi wake alikwenda kuangalia siku mbili kabla, akakadiria matengenezo milioni 8.5. Kukodi gari wakati wa kusubiri, milioni 2.5. Akiba ya yasiyoonekana, sehemu moja ya tano ya bei ya gari zima, milioni sita. Zinabaki milioni 13. Nikamwambia hiyo ndiyo dari, hata jirani yake akitaja 13,100,000 anakunja mikono.

Alikwenda. Coaster ya kwanza namba ya chesisi ilikuwa imesuguliwa na kupakwa rangi, hakuisogelea. Ya pili walianza milioni saba, ikapanda, akataja 12,800,000, mtu mmoja akataja 14,200,000. Alinipigia akiwa bado uwanjani, sauti imepooza kidogo. Nikamuuliza gharama ya siku hiyo ni kiasi gani. Nauli na chakula cha fundi, elfu themanini. Jumamosi anakwenda Nachingwea kuangalia Civilian ya mtu, na fundi yuleyule.